Mzee Surjit, Fundi Aliyewapigia Simu Wenye Tairi za Kiangazi

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Surjit Singh Bhamra atavua ovaroli kwa mara ya mwisho baada ya kuitumikia gereji yetu ya tairi hapa Southall, London, kwa miaka thelathini na mmoja. Sherehe itaanza saa tisa alasiri, palepale uwanjani, na magari yatatolewa ili viti vipate nafasi. Mwanzoni aliikataa. Alisema apewe mkono na kila mtu, kisha aende zake. Kwa nini alikataa, na kwa nini amekubali, yote yamo humu kwa ruhusa yake. Kwa kweli, kwa amri yake.

Mzee Surjit alizaliwa Kisumu, akaanza kushika spana katika karakana ya mjomba wake kabla hajaota ndevu. Alifika London akiwa kijana, na Kiswahili hakikumtoka. Wakenya wengi walioanza kuja kwetu walivutwa na hilo. Unaingia umekasirika kwa sababu ya pancha, unakutana na mzee wa kilemba anayekuuliza, "Haya, umekanyaga nini tena, ndugu yangu?" na hasira inakwisha.

Kazi iliyompa jina ilikuwa tairi za kiangazi za magari ya mwendo kasi: zile pana, zenye raba laini, zinazoshika barabara ya joto kama zimebandikwa. Wanaozinunua huzipenda kupita kiasi. Jitendra, mwenye duka la vitambaa barabara ya pili, alisema tangu azifunge anatafuta visingizio vya kwenda kwa dada yake Leicester, dada ambaye hapo awali hakuwa na hamu naye. Lakini zina sharti. Baridi ikizidi, raba hiyo hukakamaa, na gari lililokuwa linakutii linaanza kufanya lake.

Kwa hiyo Mzee Surjit alianzisha utaratibu ambao hatujausikia kwingine. Kila aliyenunua tairi hizo alipigiwa simu naye mwenyewe: mara moja majira ya joto, mara ya pili baridi ikianza. Hakutaka maneno ya kiwandani, alitaka ya mwenye gari. Zina kelele? Zinaisha haraka? Maji yakijaa barabarani zinakuwaje? Na lile kubwa: "Umezivua, au bado unazo?" Majibu aliyapeleka kwa wateja wapya, na tuliuza vizuri kwa sababu yake. "Wateja wangu hawatelezi," alipenda kusema, na sisi tukalirudia neno hilo kama letu.

Alikuwa mkali, lazima tuseme. Mteja mmoja aliingia mwezi wa Februari na rimu iliyopinda baada ya kupanda ukingo wa barabara. Mzee Surjit alimsimamisha mbele ya wote waliokuwa wakisubiri.

"Tairi lilikwambia nini?"

"Halikuniambia kitu, Mzee."

"Lilikwambia. Lilikwambia, 'Baba, nasikia baridi.' Wewe ulikuwa unasikiliza redio."

Gereji nzima ilicheka, na ofisini tulicheka zaidi. Fundi Fanuel aliiga sauti ile kwa wiki nzima. Yule mteja alitazama viatu vyake, akalipa, na hakurudi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Januari iliyopita, asubuhi ya barafu, Mzee Surjit aliingia kazini na gari lake jeupe, kipenzi chake, ambalo tairi zake za kiangazi alikuwa hajazibadilisha. Alikuwa na wateja wengi, yeye mwenyewe akajiweka mwisho. Uwanja wetu una mteremko kidogo. Alikanyaga breki, na gari halikusimama. Lilishuka polepole, kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani, yeye akizungusha usukani huku na huku, mpaka likaegemea mlango wa kioo wenye bango la picha yake linalouliza kama umeshavua tairi zako za kiangazi. Kioo kilipasuka. Wateja wa asubuhi walikuwa wamepanga foleni wakitazama.

Hakuumia. Alishuka, akachukua ufagio, akafagia vioo. Tangu siku hiyo hakupiga simu. Fanuel alipomhimiza apige, alijibu, "Nitamuuliza mtu nini mimi?" Mwezi Machi akaandika barua ya kustaafu.

Ndipo watu walipoanza kuja. Wa kwanza alikuwa Jitendra, ambaye alikuwa amesikia habari ya kioo. Alikaa kwenye benchi, akasema taratibu kwamba safari moja ya Leicester iliishia kwenye ua wa miti wa jirani wa dada yake, gari likaulaza wote, na kwamba alipopigiwa simu alisema, "Safi kabisa, Mzee." Akaja mwingine, na mwingine. Hata Bi Bhavna, mwenye gereji, alikiri kwamba nguzo ya lango lake haikugongwa na lori la taka, kama alivyokuwa akidai, bali na yeye mwenyewe. Wote walikuwa wamejibu "safi kabisa." Yale majibu mazuri tuliyowapelekea wateja wapya kwa miaka yalikuwa majibu ya watu waliokuwa wakimwogopa Mzee Surjit.

Wa mwisho alikuwa Lorraine, wa Hayes, anayehudumia wazee majumbani mwao na anayeondoka alfajiri. Alinunua gari la kasi lililotumika, la kwanza maishani mwake, nasi tukalifunga tairi za kiangazi. Asubuhi moja ya baridi alikuwa na mama yake, aliyekuja kuishi naye kutoka Nakuru. Kwenye raundabauti gari liliteleza likazunguka mpaka likatazama lilikotoka, na basi likiwa linakuja. Mama aliuliza, "Lorraine, hili gari linaenda wapi?" Basi lilisimama kwa shida. Jioni yake Mzee Surjit alipiga simu. Lorraine alisema tairi ni nzuri sana, asante. Kisha akaendelea kuendesha hivyo hivyo baridi yote, kila alfajiri, kwa sababu kuja kuzibadilisha kungekuwa kusimamishwa mbele ya watu na kuulizwa tairi lilimwambia nini.

Aliyasema haya akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani. Mzee Surjit alikaa chini. Ametuagiza tuandike alichojibu, na hakikuwa kirefu: "Nilidhani najua. Kumbe nilikuwa nimewafunga midomo. Nisamehe, binti yangu." Lorraine alimjibu kwamba bado hajui kama amesamehe, kwa kuwa mama yake mpaka leo hapandi gari lake. Akaondoka.

Aibu ile haikuwa yake peke yake, maana kicheko kilikuwa chetu. Lakini yeye ndiye aliyeifanyia kazi. Alianza kuwapigia tena wateja wote wa zamani, na simu zilianza hivi: "Mimi niliteleza mbele ya watu. Wewe je?" Wengine walicheka, wengine walilia. Siku hizi hakuna anayefungiwa tairi za kiangazi hapa kabla ya kuelezwa zinakuwaje wakati wa baridi, na anayekuja ameteleza huingizwa ofisini, hupewa chai, husikilizwa. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na aliifanya katika miezi minane ya mwisho.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilijaa sifa. Aliisoma, akaturudishia: "Mmemsahau Lorraine. Asipokuwemo, mimi siji." Tulimwomba Lorraine ruhusa. Alikubali, akauliza sherehe inakwisha saa ngapi, na nani atamrudisha mzee nyumbani. Tukamwambia hatujapanga. Akasema atamrudisha yeye, kwa gari lilelile, ambalo sasa lina tairi za misimu yote, na mama yake ameridhia kukaa nyuma.

Mzee Surjit aliposikia, alisema sherehe ifanyike. Atakaa kiti cha abiria. Ameahidi hatatoa ushauri wowote mpaka mlangoni kwake. Hilo hakuna kati yetu anayeliamini.

Asante, Mzee Surjit, kwa miaka yote, na hasa kwa huu wa mwisho. Upumzike vema, uishi kwa afya na furaha, na ufike nyumbani salama.