Nangila Amekufa Sura ya Tatu

Ukipita Kabalagala mchana, baa zikiwa bado zimelala na wafagiaji wanasukumia vizibo vya bia mtaroni, utatukuta kwenye benchi letu kando ya jiko la kahawa la Nangila. Kazi ya maana hatuna, maoni tunayo. Ramathan, Mnubi wa Bombo, dereva mstaafu wa malori, tunamwita Kadhi kwa sababu hata ukimwomba kiberiti anakupa hukumu. Nashon, Mluhya wa Busia upande wa Kenya, anauza kava za simu na tunamwita Redio. Mimi ni Mjerumani. Nilikaa Hamburg miaka kadhaa nikisugua masufuria ya watu, nikarudi na koti moja, kikohozi, na lugha isiyomfaa mtu yeyote hapa. Isipokuwa wiki hii. Wiki hii kimefika kitabu.

Kimeandikwa na Wandera, mtu wa Busia kama Nashon, aliyekuwa akikaa nasi hapa hapa, kalamu sikioni. Aliishi na Nangila miaka mingi katika chumba kimoja huko nyuma ya baa, halafu akapata ufadhili wa waandishi Ujerumani. Akaahidi kumwita. Hakumwita. Mwaka jana alifia huko, akazikwa huko huko, na kitabu kimetoka kwa Kijerumani peke yake. Chenyewe ni cha ajabu: mwandishi amekaa kwenye benchi Kampala, anashindwa kumaliza kitabu chake kwa sababu watu wa benchi hawanyamazi.

— Mimi nimo mara ngapi? Nashon aliuliza.

— Mara nyingi kuliko Kadhi.

— Banange! Anasema nini?

— Anasema unaongea.

— Hiyo ni sifa ama ni tusi?

— Kwa Kijerumani haijulikani.

— Si mngetumia simu tu? Ramathan akasema. Siku hizi simu inasoma lugha zote.

— Simu haina haya, Kadhi, Nashon akasema. Itatoa kila kitu mbele za watu. Mwache Mjerumani akosee kibinadamu.

Nangila akainua kichwa. Tangu kitabu kifike hakuwa ameuliza chochote.

— Na mimi nimo?

Nilikuwa nimeshaona tangu asubuhi. Nikapekua kurasa polepole, kama mtu anayetafuta ambacho hataki kukipata.

— Umo, dada. Sura ya kwanza unamimina kahawa. Sura ya pili unacheka. Anasema ukicheka wafagiaji wote wanaegemea fagio zao.

— Na ya tatu?

— Nangila, Kijerumani changu ni cha jikoni.

— Soma hicho hicho cha jikoni.

— Ya tatu unakufa.

Birika likabaki hewani.

— Nakufa na nini?

— Homa. Kurasa mbili tu. Halafu yeye anapanda ndege.

Hapo Redio ikajiwasha yenyewe, maana Nashon kimya humuumiza.

— Usijali, dada. Wazungu wana sheria yao. Kitabu cha Mwafrika kisipokuwa na maiti hakipigwi chapa. Wandera alilazimishwa.

— Sasa si angekuua wewe? Ramathan akasema.

— Mimi nachekesha. Anayechekesha haguswi.

— Uongo. Mwandishi anamuua yule anayemwonea aibu. Huyu alimwacha mtu mlangoni amefungasha mizigo anasubiri kuitwa. Angemwambia nini? Maiti hapigi simu, wallahi.

— Kadhi, wewe!

— Nasema kweli.

— Mimi nilisikia, Nashon akaendelea, huko kuna chuo kizima cha kuwafundisha waandishi kuua. Mwaka wa kwanza unaua mbuzi. Wa pili, jirani. Kupata digrii lazima umuue unayempenda. Ndiyo maana waandishi wote unaowaona ni wagane wa wanawake walio hai.

— Ndiyo maana mimi sisomi, Ramathan akasema. Mtu anaweza kuwa amekufa kitabuni na hana habari. Labda mimi nilishazikwa kwa Kichina.

Siku nyingine tungecheka mpaka benchi lilie.

— Mjerumani, Nangila akasema. Amenizika wapi?

Nilidhani anatania. Nashon aliinamisha kichwa, akanieleza kwa sauti ambayo sikuwa najua anayo:

— Kwetu, mwanamke aliyeolewa anazikwa kwenye boma la mume. Ambaye hakuolewa anarudishwa kwa baba yake. Kaburi ndilo cheti cha ndoa, ssebo.

— Hakupeleka hata ng'ombe mmoja kwetu Bungoma, Nangila akasema. Nikienda matanga nyumbani, mpaka leo nakalishwa na wasichana wasioolewa. Kila mwaka aliniambia ngoja, kitabu kitoke kwanza. Haya, kimetoka. Nataka kujua amenipeleka kwa nani.

— Bila mahari hakuna ndoa, Ramathan akasema.

— Kadhi, nyamaza.

— Simlaumu yeye. Nasema sheria. Asiyekuwa mke si mke, hata aandikwe kwa wino wa dhahabu.

Nangila alikuwa amekuja kusimama begani kwangu.

Mimi nimedanganya forodha za nchi nyingi, na polisi wake, na mabinti wachache. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini: Busia, kwenye boma la kina Wandera, kando ya mama yake. Lakini Nangila aliweka kidole kwenye mstari, akakifuatisha na changu neno kwa neno. Kijerumani hajui, ila jina la kijiji angelitambua. Majina ya vijiji hayatafsiriwi.

— "Tukamzika asubuhi, mvua ikinyesha."

— Wapi?

— Basi. Nukta. Mstari unaofuata yeye yuko Entebbe.

— Angalia tena.

Nikaangalia tena. Nikaangalia sura ya nne, na ya mwisho. Asubuhi ipo, mvua ipo, hata koleo lipo. Mahali ndipo hapapo.

— Labda alisahau, Nashon akasema.

— Mtu wa Busia? Nangila akauliza. Asahau kaburi?

Nashon akaanza kupanga upya kava zake.

Boda ikasimama mbele yetu. Mwenyewe alikuwa mgeni pale, mtu wa makamo, Odyek kwa mujibu wa kizibao chake. Alitaka kahawa, lakini alipoona nyuso zetu akavua helmeti.

— Poleni, jamani. Kuna msiba? Nani ametutoka?

Tukatazamana. Mimi nikafunga kitabu.

Nangila alisuuza kikombe, akakifuta, akakijaza, akampa.

— Mke wa Wandera, alisema.

— Ooo! Odyek hakujua pole ampe nani kati yetu, kwa hiyo akamgeukia mkubwa wa umri. Pole sana, mzee.

Nilimtazama Kadhi. Nilijua hukumu inakuja, nikatafuta mguu wake niukanyage. Sikuwahi. Alikuwa ameshavua kofia yake na kuiweka magotini.

— Tumepoa, ndugu yangu, akasema. Alikuwa mke mwema.