Mama Soketi na Ndoo ya Mtihani

Baada ya miaka thelathini na minne katika stoo ya mabomba ya kiwanda chetu cha sabuni, Mama Soketi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kufagia karakana. Mafundi walipotupa vipuri sakafuni, yeye aliviokota na kuvipanga kwa saizi, na kabla mwaka haujaisha wakawa hawajui kitu kiko wapi mpaka wamuulize. Uongozi ukaona isiwe taabu, ukampa stoo.

Kwa wenzetu wa ofisini, soketi ni kile kipande kifupi cha chuma chenye uzi ndani, yaani mistari kama ya skrubu, kinachounganisha bomba na bomba. Mama anazijua kama wanawe. Ipo soketi nzima ya mabomba ya maji, na nusu soketi inayochomelewa kwenye tangi la mafuta ili bomba lifungwe kwa nje. Ipo ya kupunguza, inayotoka bomba nene kwenda jembamba. Na ipo yunioni, kipenzi chake, kwa kuwa hufunguka katikati bila kuzungusha bomba zima. Ukimwomba soketi bila kusema ya kazi gani, unarudi mikono mitupu na somo juu. Mumewe anasema hata kifuniko cha chupa nyumbani hukirudisha nyuma kidogo kwanza, kutafuta mwanzo wa uzi, ndipo akifunge.

Mwaka jana msaidizi wake, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, nusura atuletee balaa. Kuna soketi za nusu inchi za aina mbili: moja vilele vya uzi wake ni vya mviringo, nyingine vimekatwa bapa. Zikichanganywa hukamata, hukaza, hata fundi akaridhika, kumbe uongo mtupu: presha ikipanda kiungo huvuja au kufyatuka. Msaidizi alitoa boksi la aina isiyofaa kwa ajili ya bomba la mvuke linalopita juu ya wafungashaji arobaini. Mama aliikagua kazi kabla mvuke haujafunguliwa. Alifungua kiungo kimoja, akapitisha ukucha ndani, akasimamisha kila kitu. Hakugomba, na hilo liliuma zaidi.

Kesho yake alileta ndoo yenye soketi sitini, zote za nusu inchi, aina zote mbili. Akatangaza kwamba hatakabidhi funguo mpaka msaidizi azitenganishe akiwa amefungwa macho, bila kukosea hata moja. Meneja alicheka, akidhani ni mzaha. Jaribio la kwanza msaidizi alikosea tisa. La pili, nne. Juni ikaingia, na msaidizi, mzee mzima mwenye mvi, akawa hapati usingizi kwa ajili ya ndoo.

Ijumaa iliyopita akarudia mbele ya karakana nzima. Alipomaliza, Mama alipapasa mafungu yote mawili, akatoa soketi moja na kusema imewekwa pasipo pake. Msaidizi, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kumbishia, safari hii alishika msimamo: iko mahali pake. Mama akachukua kile kichana cha chuma cha kupimia uzi, akakiingiza, akatazama, akatazama tena.

Kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Kidole changu kimestaafu kabla yangu," alisema. "Shika funguo, baba."

Mama yetu, asante kwa kila boksi uliloturudisha nalo, na kwa wafungashaji arobaini wanaokwenda nyumbani kila jioni wakiwa wazima. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu watundu wa kukuchosha. Maisha yako ya mapumziko yawe mema na marefu. Stoo iko salama, na kila boksi tunalipima kabla halijatoka.