Mwanafunzi wa Ishirini

Basi lilikuwa linapanda mlima kwa kunguruma, nami nimekaa nyuma ya mwalimu aliyekuwa anambembeleza mama mmoja ambaye hata hakumjua.

"Mama, shule yangu ina wanafunzi kumi na tisa. Kesho anakuja mkaguzi, na akiwakuta chini ya ishirini anaifunga. Njoo ukae darasa la kwanza, siku moja tu."

"We mwalimu! Mimi nina wajukuu saba."

"Basi walete hao."

"Wanaishi mjini."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Mkaguzi anahesabu vichwa, haulizi umri."

Nilikitazama hicho kichwa. Kilikuwa cheupe kwa mvi, na mkaguzi angehitaji adabu nyingi sana asiulize umri.

"Kusoma najua," mama akasema kwa hasira. "Darasa la kwanza unanitukana. Niweke la tano."

"La tano wana mtihani wa hesabu kesho, mama yangu."

Mama akanuna. Basi liliposimama karibu na shule, mwalimu akashuka peke yake, mabega yameanguka. Mama alibaki kidogo, kisha akabeba kikapu chake akamfuata.

"Huo mtihani," nikamsikia akiuliza, "una kugawanya?"