Jiko la Ng'ambo

Kwenye treni, fundi cherehani alimwonyesha jirani yake wa kiti, bwana asiyemjua, picha ya nyumba ambayo mumewe anataka wapange ng'ambo wakati wa likizo, wao na watoto wanne.

"Ina jiko! Lipieni leo, dada. Hoteli itawakamua. Sisi tuliposafiri tulipika wenyewe." "Mlipika, kaka, au mkeo alipika?" Bwana akakohoa, na kukohoa nako ni jibu.

"Nimeyangoja mapumziko haya tangu niolewe," fundi akasema, "halafu nivuke bahari nikasugue masufuria ya watu?" "Basi mtakula wapi?"

Hapo alimshika pabaya, maana hoteli hawaiwezi. Treni iliposimama, fundi aliinuka huku akimpigia mumewe: "Nyumba nimeikubali. Sasa niambie, unajua kupika nini?"