Salama ya Wepukhulu

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mukhisa, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome habari za maisha yake.

Ndugu yetu Wepukhulu alizaliwa karibu na Chwele mwaka 1919, msimu wa kupanda wimbi, tarehe msiniulize, mama alikuwa na jembe, hakuwa na kalenda. Alisoma shule ya misheni hadi 1936, na tarehe 3 Februari 1941 akaajiriwa Kitale, mkalimani wa bwana shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya.

Njaa ya 1943 ilipotubana, bwana shauri aliita baraza, akauliza kupitia kinywa cha ndugu yetu kama kuna wenye shida, na wazee, ambao hawangejianika mbele ya wakwe zao, wakajibu, "Salama tu, Bwana," naye akatafsiri neno kwa neno, basi lori la mahindi ya msaada lililokuwa limeletwa likageuza likaenda kwingine. Ole wetu! Mtoto wa dada yetu Peris alizikwa wiki ile.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Agosti, alimwoa Dinah Nanyama kanisani Bungoma, Mungu akawajalia watoto wanne.

Lakini tangu baraza lile hakuuliza mtu habari tena, aliingia boma la watu akauliza, "Jana mlipika nini?" na mama zetu wakamcheka, wakamwita Bwana Sufuria, ila ukweli walimwambia. Akaufikisha kwa wakubwa, nao hawakuwa wajinga, ila kila mmoja alitaka mzizi mmoja aung'oe aende zake: huyu alileta majembe, kumbe wenye mikono wako kwenye mashamba ya wazungu, yule akapunguza ng'ombe wa vibarua ili malisho yapone, watoto wakakosa maziwa, vijana wakakosa mahari. Umaskini, alizoea kusema, ni kama marando ya viazi vitamu, unavuta hapa, kunatikisika kwa jirani.

Mwaka jana alianza kukonda. Tulikutana naye njiani, tukauliza, "Habari?" akajibu, "Salama," nasi tukapita, sisi hawa aliotufundisha, jamani! Dinah peke yake ndiye aliyeona sahani ikirudi imejaa, akamlazimisha kwenda hospitali, daktari akasema tumechelewa, na ndugu yetu akatuacha alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupasua kuni, na makarani wenzake waliotoka Kitale. Mkitoka hapa pitieni kwa Dinah, na tafadhali, msimwulize habari.

Pumzika salama, ndugu yangu, salama ya kweli, si ile ya kujibu watu.