Milango Miwili ya Nyumba ya Omukago

Wasikilizaji wapendwa, Karagwe nzima hakuna anayeijua Nyumba ya Omukago ya Ihanda kuliko mimi. Naijua nje na ndani. Haya, nje tu. Sisi wanawake hatukuruhusiwa kuingia.

Leo tunamkumbuka mzee Rwezaura, aliyezikwa Jumanne. Yeye na wenzake waliijenga nyumba hiyo mwaka 1932. Ilikuwa nyumba ya ndugu wa kuchanjiana, undugu tunaouita omukago. Wawili waligawana tunda moja la kahawa, lenye punje mbili. Kila mmoja aliipaka punje yake damu, akampa mwenzake ameze. Basi, ndugu hadi kaburini.

Msonge wa kwetu una mlango mmoja. Huu ulikuwa na miwili, kama punje zile. Wa mashariki, wenyeji. Wa magharibi, ndugu atokaye mbali. Nyasi za paa zilishuka karibu na ardhi. Hata mwenye kiburi aliingia kainama. Tulichungulia, tukaona visigino tu!

Ndugu wa Rwezaura alikuwa Tumwine, mfugaji wa upande wa Kyerwa. Mwaka 1940 Tumwine alikwenda vitani. Hakurudi. Barua haikuja, wala habari ya kifo.

Mwaka 1956 paa lilivuja, na ndugu walikuwa wamebaki wanne. Kikao kikaamua nyumba ibomolewe, nguzo zijenge darasa. Wote wakamtazama Rwezaura. Akacheka.

"Bomoeni! Mimi namsubiri nani? Tumwine nimeshamsahau hata sura."

Mama Adelgunda, mjane wa Rwezaura, pole sana. Poleni watoto na ukoo wote. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu unamngoja, mtaje kwa jina, usione haya. Rwezaura aliona haya. Adelgunda mwenyewe ndiye aliyenisimulia kisa hiki, akaniruhusu niseme.

Asubuhi ya kubomoa, mumewe hakuonekana nyumbani. Adelgunda akaenda hadi Nyumba ya Omukago, na siku hiyo akaingia bila kumwomba mtu ruhusa. Akamkuta Rwezaura ameketi, uso kauelekeza kwenye mlango wa magharibi. Ametandika nyasi mbichi. Mbele yake kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mirija miwili.

"Baba Jovitha, unafanya nini hapa?"

"Nakagua mchwa kwenye nguzo."

Adelgunda akaitazama ile mirija.

"Na mchwa naye umemwekea mrija?"