Niña Eduviges na Daftari la Figo

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, Niña Eduviges Argueta Membreño (Niña ni jina la heshima tunalowaitia akina mama huku kwetu) atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na miwili kamili katika Kituo cha Afya cha El Carrizal Bajo. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Vilma Orantes wa maabara, niandike maneno ya kumuaga, maana nimefanya kazi naye mlango kwa mlango kwa miaka ishirini na mitatu. Wameniomba pia yawe maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Alikuja mwaka 1993, vita vimekwisha, watu wanarudi bondeni na magodoro mgongoni. Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye meza na ndoo. Kazi aliyopewa ni chanjo za watoto na dawa za kuharisha, na aliifanya vizuri hata ndani ya miaka michache watoto wakaacha kufa ovyo. Hapo ndipo alipoona kwamba sasa wanaokufa ni baba zao.

Mnaomfahamu mnajua jinsi alivyo. Hajawahi kumpigia mtu kelele, ila akikutazama sahani unajikuta unarudisha pupusa ya nne, ule mkate wetu wa mahindi wenye jibini ndani. Doña Tránsito, ambaye sukari yake ilikuwa haishikiki, aliwahi kumwona anaingia uani akaificha soda chini ya aproni. Niña Eduviges akakaa, akaongea habari za kuku, za mvua, za harusi ya mpwa wake, saa nzima, mpaka soda ikafoka povu na kumwagika miguuni pa mwenyewe. "Pole, mama," akamwambia, "naona umeanza kuvuja." Doña Tránsito ana miaka themanini na mmoja sasa, na miguu yote miwili anayo. Huisimulia habari hiyo kila mahali, na kila akiisimulia chupa inazidi kuwa kubwa.

Kisukari na presha tulivijua. Kilichotushinda kuelewa ni wakata miwa. Vijana wa miaka ishirini na mitano, wembamba, wasio na sukari wala presha, walikuwa wanakuja wamevimba miguu, wanatapika, na baada ya miezi tunawazika. Ni figo. Wanafanya kazi ya panga kwenye jua kali, maji hayatoshi, na wakirudi na maumivu ya mgongo wanameza vidonge vya maumivu kama karanga. Watu walisema ni uchawi, wengine wakasema ni pombe. Niña Eduviges alinunua daftari kubwa la jalada jeusi, akalipiga mistari kwa rula: jina, umri, kijiji, miaka shambani, kipimo. Hakuna aliyemwagiza.

Mwaka 2004 alikwenda nalo shambani, pamoja na mashine ya presha na mitungi miwili ya maji. Nyapara, don Evelio Zavaleta, alimzuia barabarani.

"We mama, hapa si hospitali! Unawatia watu woga, kesho nani atakata miwa?"

"Sijaja kuwatia woga, don Evelio. Woga wanao tayari. Nimekuja kuwapima."

"Basi wapimie kwao."

"Kwao nawakuta wameshavimba."

Alifukuzwa. Alirudi kwa miguu kilomita saba, na mitungi ya maji akawaachia wakataji. Tangu hapo akawa anawawahi barabarani usiku, awapime kabla malori hayajawapeleka shambani.

Machi 2009 tulipata vifaa vya kupima damu ya kila mtu mzima katika vijiji vyetu saba, nyumba kwa nyumba. Mwanawe Nahún, aliyekuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa akikata miwa tangu ana kumi na sita, alikuwa amemkwepa miaka yote. Akimwona mama ameshika sindano, anakumbuka ana shughuli mtoni.

"Mama, mimi mzima. Kapime wazee wako."

"Nyumba yetu ni namba thelathini na moja," alimjibu. "Nikiiruka, nitawaambia nini majirani?"

Akakaa. Akampa mkono huku akiwachekesha wadogo zake kwa kujifanya anazimia.

Sampuli zilikuja kwangu na namba tu, bila majina, kama utaratibu ulivyotaka. Tulikuwa tunapima kreatinini, ile taka ambayo figo nzima huitoa kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya huwa karibu na moja. Namba 117 ilisoma nne nukta sita. Nikapima tena. Nikamwita mlangoni.

"Niña, angalia mia na kumi na saba ni nani. Nadhani nimeharibu."

Alifungua daftari, akateremsha kidole. Kidole kilipofika kikasimama.

"Umepima mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi hujaharibu."

Akalifunga. Akanawa mikono, akatoka kwenda kumpima presha mzee aliyekuwa akingoja kwenye benchi. Nilimsikia akimuuliza habari za mahindi yake. Mimi ndiye niliyefungua daftari baadaye, nikasoma jina.

Tulizoea wakati ule kwamba anayepelekwa hospitali kusafishwa damu harudi, kwa sababu wengi walipelekwa wakiwa wamechelewa. Nahún alikataa miezi mitano. Aliendelea kukata miwa, mpaka siku moja wenzake walimrudisha wamembeba. Ndipo akakubali kusafishwa damu kupitia tumboni, nyumbani, mara nne kwa siku, kwa mifuko ya maji ya dawa. Niña Eduviges alikipaka chokaa chumba chake, akaziba nyufa zote, akakataza kuku na wageni. Mikono aliinawa mpaka ngozi ikapasuka. Alibadilisha mfuko alfajiri, akaja kazini, akaenda nyumbani adhuhuri kubadilisha mwingine, akarudi. Hakuchelewa kituoni hata siku moja, na sasa najiuliza kwa nini hatukumwambia achelewe.

Nahún alinipenda kidogo kwa sababu sikumwonea huruma. Aliniambia, "Mwambie mama asinitazame miguu kila nikiingia. Anitazame usoni kama zamani." Nilimfikishia. Alijitahidi, masikini. Niliwahi kumwona akimwandalia chakula mwanawe, shingo imekakamaa, macho ameyaelekeza juu kama mtu anayesoma kitu ukutani.

Aliishi miaka miwili na miezi saba tangu kipimo kile. Oktoba 2011 tumbo lilipata maambukizi, na kwa siku nne yakammaliza. Baada ya siku tisa za rozari ya kumwombea marehemu, Niña Eduviges alirudi kazini, akalifungua daftari, akaandika kwa mkono wake tarehe, umri na sababu, kwenye mstari wa 117, kwa mwandiko uleule. Jioni hiyo aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tena.

"Vilma, unadhani ilikuwa ni mikono yangu?"

Nilimwambia hapana. Hata leo sijui kama aliniamini, na wala mimi sina kipimo cha kumthibitishia. Naliandika hapa kwa ruhusa yake. Alisema, "Andika. Wapo akina mama wengine wanaojiuliza hivyo hivyo, na wanadhani wako peke yao."

Msimu wa mavuno ulipofunguliwa mwezi uliofuata, alirudi shambani kwa don Evelio. Safari hii hakubeba maji. Alimpa daftari tu. Don Evelio alisimama akilisoma, kurasa nyingi, na alipoyafikia majina ya kaka zake wawili waliokufa akavua kofia.

"Unataka nini, Niña?"

"Kivuli. Maji. Na wapumzike kila saa."

"Mwenye shamba atanifukuza."

"Huenda."

Kesho yake don Evelio alifunga turubai kwenye miti minne, akaanza kupiga filimbi kila saa. Msimu uliofuata hakuitwa kazini. Niña Eduviges alikwenda kumwomba radhi, na don Evelio akamjibu kwamba afadhali yeye akose kazi kuliko kuendelea kuhudhuria mazishi. Ilichukua miaka mitatu mwenye shamba kukubali kwamba wanaopumzika hawaanguki, na kwamba asiyeanguka hukata zaidi. Sasa kila shamba bondeni lina turubai, na daktari kutoka mji mkuu akija kuuliza jinsi ya kufuatilia magonjwa yasiyoambukiza, tunampa kiti na lile daftari jeusi.

Mwaka 2009 tuliwakuta vijana kumi na mmoja chini ya miaka thelathini wenye figo zilizoharibika. Mwaka jana tuliwakuta watatu wapya. Tulitaka kutengeneza bango la pongezi. Alituzuia. "Watatu hao wana mama zao," alisema.

Wiki iliyopita nilimuuliza atafanya nini Jumatatu. Nilitegemea aseme bustani, au wajukuu.

"Nitalala," alisema. "Miaka ishirini naamka saa tisa usiku kuwahi malori ya wakata miwa. Sijui hata jua huingilia wapi chumbani kwangu."

Niña Eduviges, kwa niaba ya wenzako wote, na ya watu elfu nne na zaidi uliowashika mkono na kuwaambia ukweli, tunakushukuru. Hatukuweza kukurudishia ulichopoteza, na hatutajifanya kwamba keki ya leo inaweza. Tunakuombea asubuhi ndefu, na usingizi usiokatizwa na kengele. Lala, Niña, mpaka jua likukute kitandani. Malori ya Jumatatu tutayawahi sisi.